Nyumba ya mbao: kagua ncha kabla fundi hajafunga

Mnaojenga nyumba za fremu ya mbao kule Mufindi, katikati ya misitu ya paini, msimwache fundi peke yake anapokata. Mbao ya dawa, ile yenye ukijani, mara nyingi haijanywa dawa hadi kwenye kiini. Ikatwe kwa msumeno uone: ukingo wa kijani, katikati njano tupu. Hapo mchwa kapata mlango. Kila ncha iliyokatwa na kila tundu la bolti lipakwe dawa ya mbao kwa brashi, mara mbili, likauke ndipo mfunge. Ikishafungwa huifikii tena.

Nguzo nazo zisiguse udongo. Zikae juu ya zege, angalau sentimita 15 kutoka ardhini, na katikati ya zege na mbao liwepo bati lililotokeza pande zote, kingo zikakunjwa kuelekea chini. Bati halimuui mchwa. Linamlazimisha kujenga kijia chake cha udongo kwa nje, ukakiona mapema. Ndiyo maana kuni hazirundikwi ukutani, jamani, hata baridi ya Julai ikiuma vipi: zinakificha kijia hicho.