Stuli nene ya matambara isiyobonyea

Mafundi wa Ngamiani, hapa Tanga, hawakosi kiroba cha vipande chini ya meza ya cherehani, na majumbani hakukosi nguo ambazo hata kudekia zimekataa. Leo tunazigeuza stuli ya duara, isiyo na mbao wala miguu, upana sm 45, kimo sm 35. Kushona kwake ni kazi ndogo. Stuli hizi huharibikia tumboni: zimejazwa kiholela, basi mwezi mmoja tu zimelalia upande. Kwa hiyo kwenye cherehani nitapita mbio, kwenye kujaza nitakaa.

Vifaa. Suruali mbili tatu za jinzi kwa ganda la nje, shuka kuukuu au marekani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) kwa mfuko wa ndani, zipu ya kukata sm 90, uzi wa nailoni, sindano ya cherehani namba 16, shazia (sindano kubwa ya kushonea magunia), kamba ya katani ya mkonge, na matambara kilo 10 hadi 14. Ndiyo, kilo zote hizo. Ukija na kilo nne utaondoka na mto.

Kuandaa matambara. Fua kwa maji ya moto hasa; kunguni na mayai yake hawastahimili nyuzi 60. Kisha anika mpaka yakauke kabisa. Hewa ya pwani ina unyevu, na tambara bichi likifungiwa ndani hufanya ukungu, harufu yake haitoki tena. Masika fua, kata, weka. Kujaza ngojea jua.

Ng'oa vifungo, zipu na vyuma vyote. Halafu tenga mafungu matatu: mazito (jinzi, makoti, blanketi), yanayovutika (tisheti, sweta), na vipande vya fundi. Mafungu mawili ya mwisho yakatwe yasizidi kiganja, ila bakiza sweta moja nzima ya kutandaza juu. Hapa ndipo watu wanapochoka wakaanza kutumbukiza shati zima, na shati zima ndilo linalokuja kuwa nundu. Kama hujui kitambaa ni pamba au poliesta, choma uzi mmoja: pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikawa tone gumu. Poliesta hainywi unyevu, iweke chini karibu na sakafu.

Kukata na kushona. Fumua miguu ya jinzi, kata vipande vinne vya mraba, sm 38 kila upande. Kata na duara mbili zenye kipenyo cha sm 47 na nusu. Hapo sm 1.5 ya mshono imo tayari kila upande. Unga vile vinne viwe kama pipa, shonea duara la juu, na chini weka zipu kabla ya kumalizia duara la pili. Mshono wa duara ukikunjana, kata vijipasuo kwenye pindo bila kugusa uzi. Mfuko wa ndani ni hivyo hivyo, ila uzidi sm 1 kila kipimo na juu uachwe wazi.

Kujaza. Kwanza kiini. Chukua yale mazito, yakunje na kuyaviringisha kwa nguvu yawe bunda la kimo cha sm 30 na unene wa sm 20, ulifunge katani sehemu tatu. Nailoni hunyumbuka, bunda likalegea; katani hainyumbuki, na sisi watu wa Tanga tulio na mkonge tangu 1893 hatuna udhuru. Simamisha bunda katikati ya mfuko.

Sasa jaza kulizunguka. Tia vile vipande ulivyokata konzi kwa konzi, ukianzia pembeni kabisa kwenye mshono, ushindilie kwa ngumi au kwa mchi. Kila ukipanda kama sm 10, simama, piga magoti juu yake, tazama upande upi umezama, ongeza hapo. Ukiona imejaa, bado. Endelea mpaka ivimbe sm 5 juu ya ukingo, kwa sababu itashuka. Juu tandaza sweta nzima iliyokunjwa, kisha fumba mdomo wa mfuko kwa shazia, mishono mikubwa ya kufumulika, maana baada ya wiki kadhaa utaufungua uongeze. Mwisho uvishe ganda, ufunge zipu.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo fundi. Khanga kuukuu zinafaa kwa ganda la nje? (Raskazone)*
Marahaba mwanangu. Zinafaa, ila ni nyepesi, zitie bitana ya marekani. Na usome jina kabla hujatia mkasi. Lenye jina la Mungu halikaliwi. Lipeleke kwenye pazia. La kumsema jirani ni shauri lako, lakini ujue mgeni atalisoma anapoinama kukaa.

*Huku misufi ipo. Nijaze sufi tupu? (Pangani)*
Sufi tupu itabonyea, dada. Weka tabaka la juu tu, badala ya sweta. Ni nyepesi na haishiki maji. Jifunge kitambaa puani unapoitia, na mfuko wa ndani uwe wa kitambaa kilichofumwa karibu karibu, la sivyo itatoka nyuzi nyuzi. Inashika moto haraka, kaa nayo mbali na jiko la mkaa.

*Kilo 12 mama yangu hazinyanyui. Nichanganye na mifuko ya plastiki?*
Usichanganye. Itakuwa inalialia kila anapokaa, na jasho litabaki ndani. Punguza upana uwe sm 35: vipande vya pembeni sm 30.5 kwa 38, duara sm 38, bunda la kiini unene sm 15. Kilo saba au nane zinatosha.

*Mtoto akikojolea je?*
Vua ganda, lifue. Gusa mfuko wa ndani: kama umelowa, usiuanike mzima mzima, fumua juu utoe kilicholowa peke yake. Nyumba yenye mtoto mdogo, kata mfuko wa sandarusi uuweke kati ya ganda na mfuko wa ndani, upande wa juu tu. Chini paachwe papumue.