Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kurudi kwa Daktari Bingwa Baada ya Matibabu ya Saratani ya Matiti

Mwanamke aliyetoka Songea au Kigoma kwenda kutibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, akishamaliza upasuaji, dawa za kemo na mionzi, huondoka akiwa na tarehe ya kurudi kliniki. Tarehe hiyo huangukia wakati ambao nywele zimeanza kuota, nguvu zimerejea na nauli imekuwa ngumu kupatikana, hivyo huahirishwa mara moja, kisha mara ya pili, hata ikasahaulika. Ni jambo la kuhuzunisha, kwa sababu saratani ya matiti, hasa ile inayokua kwa kutegemea homoni, inaweza kurudi baada ya miaka 5, na wakati mwingine baada ya miaka 10 au zaidi, na inaporudi kwenye titi au kwenye kovu ikagunduliwa mapema bado kuna nafasi nzuri ya kuitibu tena kwa lengo la kuponya.

Jambo la kwanza la kuandaa ni nyaraka, na hapa ningependa tukae kwa muda, kwa sababu daktari bingwa mwenye foleni ndefu nje ya mlango wake atakuhudumia kwa kadiri ya kile anachokiona mbele yake. Karatasi iliyo muhimu kupita zote ni majibu ya kipimo cha kinyama, yaani ripoti ya patholojia, inayoeleza aina ya saratani, ukubwa wa uvimbe, idadi ya tezi za kwapani zilizotolewa na ngapi kati ya hizo zilikutwa na saratani, pamoja na majibu ya vipokezi vya estrojeni, projesteroni na HER2, yaani sehemu za seli za saratani zinazopokea homoni (estrojeni na projesteroni) au ishara nyingine za kukua (HER2). Majibu hayo ya vipokezi ndiyo yanayoamua kama unapaswa kuendelea na vidonge vya kuzuia homoni kwa miaka kadhaa au la. Ya pili ni muhtasari wa matibabu wenye tarehe na aina ya upasuaji, majina ya dawa za kemo, idadi ya mizunguko na dozi zake, kisha upande uliopigwa mionzi na kiasi chake. Dozi si maelezo ya ziada: doksorubisini, ile dawa nyekundu ambayo wagonjwa wengi wanaikumbuka, ina kiwango ambacho mwili haupaswi kukipita maisha yote kwa sababu ya madhara yake kwa moyo, na daktari asiyejua ulishapewa kiasi gani hawezi kuipanga tena kwa usalama.

Nilimsindikiza mama yangu mdogo kliniki siku ambayo faili lake halikuonekana masjala. Tulihudumiwa siku ileile kwa sababu tu alikuwa amehifadhi nakala za kila karatasi kwenye bahasha ya plastiki, naye daktari akafungua faili jipya kutokana na bahasha ile. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimsihi kila mgonjwa ninayemfahamu atoe nakala mbili, apige picha za karatasi zote kwa simu na kuzituma kwa ndugu mmoja anayeaminika, kisha aiulize maabara kama sampuli ya kinyama chake bado imehifadhiwa, maana inaweza kuhitajika kupimwa upya.

Jambo linalofuata ni kujua nani hasa anakufuatilia. Kwa kawaida mgonjwa hupita mikononi mwa daktari wa upasuaji, bingwa wa saratani na pengine bingwa wa mionzi, na kila mmoja anaweza kudhani kwamba mwenzake ndiye anayeendelea naye. Uliza waziwazi ni kliniki ipi yenye jukumu lako. Utaratibu unaotumiwa na mabingwa wengi ni kuonwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika miaka 3 ya mwanzo, kila baada ya miezi 6 hadi 12 katika mwaka wa 4 na wa 5, kisha mara moja kwa mwaka. Ikiwa unaishi mbali, omba barua itakayomwezesha daktari wa hospitali ya mkoa kukuchunguza katikati ya safari hizo, au omba rufaa ya kuhamia kituo cha kanda kilicho karibu, kama vile hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa watu wa Kanda ya Ziwa au hospitali ya KCMC, Moshi, kwa watu wa Kaskazini.

Kuhusu vipimo, wengi huamini kwamba ufuatiliaji mzuri ni ule wenye vipimo vingi. Lakini kipimo cha msingi ni mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, mara moja kwa mwaka, kwa titi la upande wa pili na kwa titi lililotibiwa ikiwa halikuondolewa lote, na ya kwanza isifanywe kabla ya miezi 6 kupita tangu kumaliza mionzi. Beba picha za zamani, kwa kuwa msomaji wa picha huzilinganisha. CT skani, skani ya mifupa na vipimo vya damu vya kutafuta alama za saratani havipendekezwi kila ziara kwa mtu asiye na dalili, kwani havijaonyesha kurefusha maisha, na mara nyingi huleta hofu na gharama. Fedha hiyo, kwa maoni yangu, inafaa zaidi iwe nauli ya ziara ijayo. Ikiwa unatumia bima ya afya, hakikisha kabla ya siku yenyewe kwamba kadi iko hai na kwamba kibali cha kipimo kimepatikana.

Dawa za kunywa ukiwa nyumbani nazo zina hesabu yake. Tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni, hunywewa kila siku kwa miaka 5, na kwa wengine hadi 10, kwa hiyo hesabu vidonge vilivyobaki na uende kliniki kabla havijaisha. Joto la ghafla mwilini na kukosa usingizi huwafanya wanawake wengi waiache kimyakimya. Mwambie daktari, maana kuna njia za kupunguza adha hiyo. Mtajie kila dawa nyingine unayotumia, ikiwemo mitishamba, hata kama unahofia kukemewa, na usisahau dawa za sonona kama paroksetini na fluoksetini, ambazo hupunguza nguvu ya tamoksifeni. Kutokwa damu ukeni baada ya ukomo wa hedhi, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, ni mambo ya kwenda hospitali bila kusubiri tarehe, kwa kuwa dawa hii huongeza hatari ya saratani ya mji wa mimba na ya damu kuganda. Mwanamke ambaye bado anaweza kushika mimba azungumze mapema kuhusu uzazi wa mpango usio wa homoni, kama kitanzi cha shaba, kwani tamoksifeni inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Anayetumia letrozoli au anastrozoli, vidonge vingine vya kuzuia homoni vinavyoweza kudhoofisha mifupa, aulize habari za mifupa yake, na anayechomwa trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, anapaswa kupimwa moyo kwa eko, yaani picha ya mawimbi ya sauti, takriban kila miezi 3.

Kwa wiki kadhaa kabla ya ziara, andika kwenye daftari dogo kila unachokihisi na tarehe yake. Uvimbe mpya kwenye kovu, titi, kwapa au juu ya mtulinga, maumivu ya mfupa yasiyoisha, kikohozi au kukosa pumzi kunakoendelea, macho kuwa ya njano, na maumivu ya kichwa ambayo hukuwahi kuyazoea, yote hayo daktari anapaswa kuyasikia kwanza, kabla ya salamu kuchukua muda. Pima pia mikono yote miwili kwa futi ya fundi cherehani, mahali palepale kila mara, kwa sababu mkono wa upande uliotolewa tezi unaweza kuanza kujaa maji polepole bila wewe kutambua, na ukiwahiwa kwa mazoezi na kubanwa kwa bendeji maalumu hutulia.

Nenda na msindikizaji anayeweza kusikiliza na kuandika, lakini omba pia dakika chache za kuwa peke yako na daktari, kwa ajili ya mambo ya ndoa na ya moyoni ambayo hayasemeki mbele ya mwanao au shemeji. Kabla ya kuondoka, hakikisha kadi ina tarehe inayofuata na namba ya simu ya kliniki, na umeambiwa umwone nani endapo dalili itatokea kabla ya tarehe hiyo.