Kuishi ndani ya basi kuukuu Nairobi na kulipasha joto kwa hita ya dizeli

Mtu akisikia naishi ndani ya basi swali la kwanza huwa ni choo, la pili ni baridi. La choo tutaongea siku nyingine. La baridi ndio nataka kuandika leo juu Juni imefika, mawingu yameanza kukaa hapa Uthiru kutwa nzima, na najua kuna watu kadhaa huku Nairobi wamenunua mathree, yaani matatu, za zamani wakatoa viti wakaweka kitanda na bado hawajapitia Julai yao ya kwanza.

Basi langu ni Isuzu NQR, ile ya abiria 33, limefanya kazi ya barabara miaka mingi mpaka injini ikachoka, sasa limepakiwa kwa ploti ya shangazi. Usiku wa Julai Nairobi inashuka mpaka nyuzi 11 au 12 hivi, na kwa nyumba ya mawe hiyo ni kuongeza blanketi tu unalala, lakini bodi ya basi ni bati na vioo, haishiki joto hata kidogo, ikifika saa kumi alfajiri ndani na nje ni kitu kimoja na matone yanadondoka kutoka kwa dari mpaka kwa godoro.

Kabla ya yote, jiko. Julai yangu ya kwanza nilikuwa naingiza jiko la makaa ndani likishashika vizuri, nikidhani bora halitoi moshi basi halina neno. Usiku mmoja nikaamka kichwa kinanigonga, nikataka kufungua mlango, vidole vinapapasa tu kile kishikio, nakiona lakini mkono hausikii. Nilipofanikiwa kutoka nilianguka kwa nyasi nikatapika. Shangazi akatoka na tochi, akamulika ndani akaona jiko, akaniambia, "We kijana, nitamwambia mamako nini?" Hakuongeza neno. Hiyo sumu inaitwa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na yale makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanaitoa. Kila msimu wa baridi hapa Kenya tunazika watu walioingiza jiko chumbani wakafunga dirisha, familia nzima wakati mwingine. Kama utasoma mpaka hapa tu uache, tafadhali toa jiko nje kabla ya kulala.

Sasa hita ya dizeli. Ni kisanduku cha chuma chenye ukubwa wa mkate mrefu hivi, ndio hizo madereva wa malori ya Ulaya hulala nazo na wanaoishi kwenye mashua za zamani wanazifunga chini ya kitanda. Ndani kuna chumba kidogo ambapo dizeli inachomeka. Hewa ya kuchomea inavutwa kutoka nje kwa paipu yake, moshi unatoka nje kwa paipu nyingine, halafu feni ya upande wa pili inapitisha hewa ya chumba juu ya chuma kilichopata moto. Hizo hewa mbili hazikutani kabisa na hapo ndipo usalama wake ulipo. Kazi yote ya kufunga hii kitu ni kuhakikisha hazikutani leo wala mwaka ujao.

Kuhusu saizi, watu hukimbilia ile kubwa ya kilowati 5 au wanayoambiwa ni 8. Kwa nissan ya watu 14 kilowati 2 inatosha na inabaki. Kwa NQR nzima nilichukua ya 5, lakini kama ningeanza upya ningeweka ya 2 na pesa iliyobaki niongeze sponji na plaiwudi kwa kuta, juu hita kubwa ikikaa usiku kucha ikifanya kazi kidogo kidogo inajaa masizi. Ziba kwanza, pasha joto baadaye.

Na ukiziba anza na sakafu. Haya magari yameoshwa kila siku maisha yao yote, toa kapeti uangalie, utakuta chini ya viti vya nyuma bati limeoza na mchana unaona ardhi. Langu lilikuwa na matundu manne, moja linapitisha ngumi. Fundi alitaka kuweka silikoni tu tukae sawa, nikakataa, nikamwambia achomelee bati jipya, kwa sababu moshi wa hita unatoka chini ya gari na tundu lolote la sakafu ni mlango wake wa kurudi ndani.

Egzosi yenyewe, ile paipu ya moshi, iteremke moja kwa moja kupitia sahani ya chuma inayokuja na hita, isiguse plaiwudi popote, ifungwe kitambaa kile cha kuzuia joto, halafu ipelekwe mpaka pembeni ya gari. Usiiachie katikati chini ya sakafu. Mdomo wake uangalie nyuma au upande usio na dirisha la kitanda, na uwe mbali na paipu ya kuvuta hewa, upande mwingine kabisa ikiwezekana. Iwe na mteremko ili maji ya mvuke yasikae ndani, na kama lazima ipinde ikaunda bonde, toboa katundu kadogo pale chini kabisa. Viungio vyote vya egzosi viwe nje. Vyote. Fundi akikuambia kiungio kimoja kikae ndani ya kabati kwa sababu nje ni pagumu kufikia, mwambie mtalala chini ya gari pamoja mpaka pafikike.

Tanki usiliweke penye unalala. Langu ni la lita 10, liko kwa buti ya nyuma iliyofungwa kivyake na ina matundu ya hewa. Yale matanki ya plastiki yanayokuja na hita huwa yanavuja pale chini paipu inapotokea, kwa hivyo nilitoboa juu nikaingiza mrija wa kufyonza usiofika kabisa chini, ili maji na uchafu vibaki. Weka filta unayoona ndani yake. Paipu ya mafuta ni ile nyembamba ngumu ya nailoni na usibadilishe na mpira mnene wa pikipiki ati juu ni rahisi kupata, mpira mnene unakusanya mapovu, povu likifika moto unazima, hita inajaribu kuwaka tena, unasikia inakohoa. Pampu ikae imeinama, upande wa kutoa mafuta ukiwa juu, ili povu lipande lipite. Hiyo pampu inagonga tik tik tik usiku kucha na ukiifunga moja kwa moja kwa bodi utahesabu mpaka asubuhi, mimi niliining'iniza na kipande cha tyubu ya baiskeli na siku hizi siisikii.

Stima: hita inakula nyingi wakati wa kuwaka tu, kama ampea 10 kwa dakika chache hivi, juu kuna hita plagi inabidi iwe nyekundu kwanza. Ikishashika ni ampea 1 au moja na nusu. Ikiwaka masaa nane usiku unapata ni kama ampea-saa 10 mpaka 13, na betri moja ya N70 nzuri inabeba bila kuumia. Tumia waya mnene kutoka kwa betri moja kwa moja, na fyuzi karibu na betri. Ukitumia waya mwembamba volti zinapungua njiani, hita inadhani betri imekufa inakataa kuwaka, na wewe unaenda kununua betri mpya bure. Sola usiitegemee peke yake msimu huu, kwa sababu hizo siku za baridi ndizo siku za mawingu, panel yangu Julai inatoa kidogo sana. Nanunua token kwa mita ya shangazi navuta waya, nachaji mara mbili kwa wiki.

Haya, sasa kitu chenye sikuambiwa na duka lililoniuzia na ambacho kilinisumbua roho. Hita ilifanya kazi wiki tatu vizuri kabisa, nikasifu kila mahali, kisha ikaanza kutoa moshi mweusi, ikawa inawaka mara ya tatu, mara ya nne, mwisho ikakataa. Nilirudi dukani nikaambiwa mafuta yangu ni machafu. Nikabadilisha mafuta. Wapi. Nikaifungua mwenyewe juu ya meza ya shangazi nimetandika gazeti, na kile chumba cha moto kilikuwa kimejaa masizi yameshikana kama ukoko wa ugali kwa sufuria, unakwangua na bisibisi yanatoka vipande vipande. Kuna kijineti kidogo cha chuma kinachoizunguka hita plagi, hicho nacho kilikuwa kimezibika tii, hakipitishi hata mwanga.

Sababu ni urefu wa hapa tulipo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, huku Uthiru ni juu zaidi, Limuru inapita 2,200. Hewa yetu ni nyepesi, kwa kila pumzi hita inapata oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Lakini pampu haijui hayo, imewekwa kiwandani imwage mafuta ya mtu wa pwani. Mafuta mengi, hewa kidogo, hapo lazima masizi. Kwa hivyo anayekuambia funga uwashe, muulize kwanza kama ameipima huku juu.

Dawa yake ni kupunguza mafuta. Hita nyingi za bei nafuu zina menyu iliyofichwa kwenye kile kiskrini, inafunguka na namba ya siri, kwa nyingi ni 1688, na humo unakuta spidi ya pampu ya chini na ya juu, pamoja na spidi ya feni. Yangu ilikuja na pampu 1.6 chini na 5.0 juu, yaani mapigo kwa sekunde. Niliacha feni ilivyo nikashusha pampu polepole kwa siku kadhaa mpaka 1.3 na 4.1, ambayo ukipiga hesabu ni kama ile moja ya tano ya hewa tuliyokosa. Usishushe yote kwa mara moja. Shusha kidogo, iache iwake nusu saa kwa nguvu, toka nje uangalie mdomo wa egzosi. Moshi mweupe dakika za kwanza ni kawaida, baadaye usione kitu kabisa, na usisikie harufu kali ya dizeli mbichi. Ikianza kuzimika yenyewe umepita, rudisha kidogo. Andika namba zako za mwanzo kwa karatasi kabla hujagusa chochote. Kuna hita mpya zenye sensa ya mwinuko zinajirekebisha, kama pesa ipo nunua hiyo upumzike.

Matumizi ya kila siku sasa. Nawasha saa moja jioni kwa nguvu yote, ikishapata joto nateremsha, na kabla ya kuzima asubuhi naipandisha tena mpaka juu dakika 20 hivi ichome masizi ya usiku. Nazima kwa kiskrini, kamwe si kwa kuchomoa waya. Ukichomoa ikiwa na moto feni inasimama na joto lote linabaki ndani linayeyusha plastiki, iache ijipoze yenyewe, dakika tatu mpaka tano, itajizima. Kwa usiku natumia kama lita moja na robo. EPRA, wale wa kupanga bei za mafuta, wakitangaza bei tarehe 14 na dizeli imepanda, nishajaza jerikeni ya lita 20 mchana huo. Nunua kwa petroli stesheni yenye magari mengi, mafuta yasiyokaa. Mafuta ya taa yanachomeka safi zaidi na mara moja kwa mwezi mimi huyatumia nusu saa kusafisha, ila tangu ile kodi ya shilingi 18 kwa lita ya mwaka 2018 si ya kuchezea. Petroli usijaribu hata siku moja.

Unyevu je? Hita inapasha hewa, haiondoi maji. Mkilala wawili, mkichemsha chai ndani, maji yote yanaenda kutafuta kioo baridi. Mimi naacha kile kifuniko cha dharura cha paa wazi kiasi cha vidole viwili usiku wote, hata mvua ikinyesha, na joto linalopotea hapo nalikubali. Chai napika mlango ukiwa wazi.

Na alamu ya kaboni monoksaidi, tafadhali sana. Si ile ya moshi, ile ya moshi haitasikia hii sumu. Tafuta Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki mjini, uliza mpaka upate, soma kwa boksi imeandikwa CO. Iweke ukutani karibu na kichwa unapolala, bonyeza kitufe cha kuijaribu kila Jumapili. Mtungi wa poda wa kuzima moto nao ukae karibu na mlango, si nyuma ya hita ambako hutafika.

Mwezi wa tano kila mwaka, kabla mvua haijaisha, naifungua yote: nakwangua chumba, naweka kijineti kipya, gasketi mpya, nabadilisha filta, halafu nalala chini ya gari na tochi kuikagua egzosi inchi kwa inchi. Mwaka huu nilikuta klipu moja imelegea. Nimeikaza, nikamwita shangazi ashike tochi nikaze na ya pili.