Kwaresima ya mlango wazi: namna ya kuipanga tangu Majivu hadi Pasaka

Anza na kalenda. Tangu Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu kuna siku 46. Ondoa Dominika (Jumapili) sita, zinabaki 40. Dominika haifungwi kwa kuwa kila Dominika ni kumbukumbu ya Ufufuko. Mwaka 2027, Majivu ni tarehe 10 Februari na Pasaka tarehe 28 Machi. Maandalizi yaanze wiki mbili kabla, maana azimio linalotungwa kwenye foleni ya kupakwa majivu huwa halifiki mbali.

Sheria ya Kanisa Katoliki ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Siku za lazima za kufunga ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: mlo kamili mmoja, na kula kidogo asubuhi na jioni si kosa. Inawahusu waliotimiza miaka 18 hadi watakapotimiza 59. Kuacha nyama huanzia miaka 14, siku hizo mbili na kila Ijumaa ya Kwaresima, ingawa maaskofu wa nchi wanaweza kuweka utaratibu wao. Mgonjwa, mjamzito na anayenyonyesha hawabanwi. Mwenye kisukari anayetumia dawa azungumze na daktari kwanza. Na anayeacha nyama ili ajipatie samaki wa karamu ametii herufi ya sheria, basi.

Kisha chagua azimio moja la sala, moja la kufunga na moja la sadaka, kama yanavyokwenda pamoja katika Mathayo sura ya 6. Yasizidi matatu. Kila moja lipimike. “Nitasali zaidi” halipimiki. “Dakika 15 kila alfajiri, nisome Injili ya siku kabla ya kushika simu” linapimika. Mengi huvunjika wiki ya pili, ari ya Majivu ikishapoa. Ukikosa siku, endelea kesho yake kwa kipimo kilekile. Ukijaribu kulipa deni kwa kufunga mara mbili, utachoka na kuacha kabisa.

Ulichojinyima kiwe na thamani ya fedha, na fedha hiyo iingie kwenye bahasha siku hiyohiyo. Ukingoja mwisho wa Kwaresima utakuta imeshapata kazi nyingine. Isaya sura ya 58 haiachi nafasi ya kujitetea: mfungo ni kumgawia mwenye njaa chakula chako na kumwingiza nyumbani asiye na makao.

Hapo kwenye kumpokea mtu ndipo parokia nyingi hujikwaa. Jumatano ya Majivu huleta watu ambao hawajaonekana kanisani mwaka mzima, nao husomeka mlangoni kwa jinsi wanavyotafuta pa kujificha. Weka wakaribishaji wawili kila mlango, dakika 20 kabla ya Misa, na wasiwe marafiki wa kupiga soga. Salamu iwe fupi: “Karibu, nafasi ipo hapa,” kisha mpeleke hadi kwenye benchi. “Siku nyingi hatujakuona!” hutamkwa kwa upendo, lakini anayerudi husikia anahesabiwa siku alizokosa. Maswali ya parokia yake na ndoa yake yasubiri.

Jambo dogo lenye uzito: waumini wa kila wiki hupenda kukaa mwisho wa benchi, karibu na njia, na mgeni hulazimika kuruka magoti ya watu. Waombe wasogee katikati. Tangazo moja halitoshi. Lirudiwe Dominika tatu mfululizo.

Kwa kitubio, bandika ratiba mapema na ongeza saa za jioni kwa ajili ya wafanyakazi. Kinachomzuia aliyekaa miaka kumi bila kuungama mara nyingi ni hofu ya kusahau maneno. Acha nakala za sala ya kutubu kwenye mabenchi, na mwambieni wazi kwamba akitaja tu muda uliopita tangu kitubio cha mwisho, padre atamwongoza yaliyobaki.

Njia ya Msalaba ya vituo 14 ichukue kama dakika 40. Wasomaji wapewe maandishi siku mbili kabla, na wazee wakae badala ya kupiga magoti kila kituo.

Wakatekumeni watakaobatizwa Pasaka huombewa kwa namna ya pekee Dominika ya tatu, ya nne na ya tano. Kila familia ichukue jina la mmoja, imwombee kila siku na kuketi naye kanisani.

Ingawa hesabu ya siku 40 hufika Jumamosi Kuu, kipindi cha Kwaresima katika liturujia hukoma Alhamisi Kuu, Misa ya Karamu ya Bwana inapoanza, kwa hiyo bahasha ikabidhiwe kabla ya jioni hiyo. Familia iliyochukua jina isimwache mbatizwa baada ya Mkesha wa Pasaka: impitie nyumbani Dominika inayofuata, waende Misa pamoja.