Jinsi ya kumwotea ayala dume mzee kwa upinde katika ardhi ya umma, Ohio

Naandika kwa wenzangu mnaoishi Ohio ambao tayari mna leseni ya uwindaji na kibali cha ayala, na upinde mnaujua. Mnyama wetu ni ayala wa mkia mweupe. Wengi huku tunamwita swala, lakini pembe za swala hazidondoki. Huyu huziangusha kila mwaka na kuota nyingine. Dume ninayemsema ametimiza miaka minne au zaidi. Sheria inakupa dume mmoja tu mwenye pembe kwa mwaka wa leseni, kwa hiyo ukimpiga kijana, habari ya mzee imeishia hapo.

Mimi huwinda Wayne National Forest, kusini-mashariki mwa jimbo: zaidi ya ekari 240,000 za vilima na makorongo. Msitu huu umekatikakatika, vipande vyake vimeingiliana na mashamba ya watu. Pakua ramani yenye mipaka kwenye simu ukiwa bado nyumbani, maana mabondeni mtandao haushiki. Kuwinda shambani kwa mtu kunahitaji ruhusa yake ya maandishi.

Hatua ya 1: Jua anapolala

Kazi hii ifanye Februari na Machi, msimu ukishafungwa, majani yamepukutika na alama zote ziko wazi. Dume mzee hatembei sana mchana. Ukikaa mbali na malazi yake, atakufikia giza limeshaingia. Kwenye vilima hupenda theluthi ya juu ya mteremko, upande wa demani, yaani uliokingwa na upepo. Upepo unamletea harufu ya kila kinachokuja kutoka nyuma ya mgongo wa kilima, na macho yake yanalinda bonde. Tafuta shimo la majani lililolaliwa, kubwa, la peke yake, lenye manyoya. Ukikuta malazi mengi ya ukubwa tofauti, hao ni majike na watoto. Miti minene iliyochubuliwa magome kwa pembe karibu na hapo ni dalili nzuri sana.

Usidhani lazima uende mbali. Baadhi ya malazi bora niliyoyaona yako karibu na barabara, mahali ambapo wawindaji hupita bila kutazama.

Hatua ya 2: Jua anachokula

Mwezi Oktoba, tafuta mialoni myeupe, ile ambayo ncha za majani yake ni za mviringo. Kokwa zake hazina uchungu mwingi kama za mialoni myekundu, na ayala huzimaliza kwanza. Mwaloni unaodondosha kokwa kati ya malazi na bonde ndio wa kuuotea.

Hatua ya 3: Usome upepo

Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Macho yake unaweza kuyahadaa ukitulia. Pua yake huiwezi. Usitegemee utabiri wa hali ya hewa peke yake, kwa sababu vilima vina hewa yake. Asubuhi, jua likishapasha mteremko, hewa hupanda. Jioni ikipoa, hushuka na kutiririka korongoni kama maji. Mahali palipokuwa salama saa tisa alasiri panaweza kukusaliti saa kumi na mbili.

Mimi hubeba mbegu za gugu linaloota kando ya barabara, zenye manyoya laini kama sufi. Naachia moja na kuifuata kwa macho mpaka ipotee. Ikielea kuelekea malazi, nashuka na kuondoka, hata kama nimetembea saa nzima kufika. Kikao cha kwanza mahali papya ndicho chenye nafasi kubwa kuliko vyote, usikichome kwa upepo mbaya.

Hatua ya 4: Ingia kimya, panda dungu

Chagua njia ya kuingia kabla ya kuchagua mti. Kupita kijitoni mara nyingi hufaa, maji yanaficha hatua zako. Dungu langu ni la kubeba mgongoni, nalifunga kama mita sita juu. Mkanda wa usalama uwe umefungwa mtini tangu mguu unapoiacha ardhi mpaka urudi chini. Siku za msimu wa bunduki, hata mwenye upinde lazima avae rangi ya chungwa.

Hatua ya 5: Chagua siku

Msimu wa upinde huanza mwishoni mwa Septemba na kuishia mwanzoni mwa Februari. Likizo yangu huitunza kwa siku za mwisho za Oktoba hadi katikati ya Novemba, wakati wa kupandana, hasa baridi inapoingia ghafla.

Hatua ya 6: Achia mshale

Subiri akupe ubavu, au awe ameanza kukupa mgongo kidogo. Lenga nyuma tu ya bega, theluthi ya chini ya kifua. Mpaka wangu ni yadi 25, kwa sababu akisikia mlio wa uzi huchuchumaa kabla mshale haujafika. Kwa Waislamu, bismillahi hutamkwa wakati wa kuachia mshale.

Hatua ya 7: Mfuate kwa subira

Uchunguze mshale. Damu nyangavu yenye povu ni mapafu: ngoja nusu saa. Damu nzito nyeusi ni ini: ngoja saa kadhaa. Ukiona ujani na harufu mbaya, umepiga tumbo, ngoja muda wa saa nane hadi kumi na mbili ndipo urudi. Mwaka mmoja nilimfuata wa namna hiyo baada ya kungoja saa moja tu. Aliinuka, akavuka makorongo matatu, na sikumpata. Mpaka leo inaniuma.

Ukimpata, jaza lebo yako kabla hujamsogeza, kisha toa matumbo hapo hapo ili nyama ipoe. Ripoti kwa simu au mtandaoni kabla ya saa sita mchana wa siku inayofuata, na andika kwenye lebo namba utakayopewa.