Kwelea kwelea: nipigie simu kiota kikiwa bado kibichi

Kila mwaka mvua za masika zikielekea ukingoni, simu yangu huanza kuita, na maneno ni yale yale: "Bwana shamba, ndege wameingia, wanatumaliza." Mimi nami huuliza swali moja tu: viota umeviona lini? Kimya. Halafu sauti inashuka: "Aa, viota tuliviona zamani kidogo, kule kwenye miiba. Lakini walikuwa hawajagusa mpunga."

Hilo la "hawajagusa mpunga" ndilo linalowafilisi wakulima wa majaruba ya mpunga hapa Tabora, wa Igunga, Nzega na Uyui. Leo sitasema habari ya mbegu wala mbolea, hayo mnayajua, na wengine mnayajua kuliko mimi. Nasema juu ya hesabu ya siku za ndege huyu, kwa sababu anayeijua huvuna na asiyeijua huachiwa makapi.

Kwanza mhakikishe ni yeye. Kwelea kwelea ni ndege mdogo wa urefu wa sentimeta 12 hivi, uzito gramu 15 hadi 26. Nje ya msimu wa kuzaa, dume na jike wote ni wa kahawia iliyofifia, mtu akiwaona huwadhania shomoro, ila mdomo wao ni mnene na mwekundu. Msimu wa kuzaa ukifika, dume huvaa kinyago cheusi usoni (wapo wachache wenye kinyago cheupe), na kuzunguka kinyago hicho manyoya huwa ya waridi au ya manjano kama bua kavu. Jike ndiye mwenye habari muhimu zaidi. Mdomo wake mwekundu hugeuka manjano, rangi ya nta ya nyuki. Ukiona kundi lina midomo ya manjano ndani yake, ndege hao hawako safarini. Wamekuja kuzaa hapo hapo.

Msimchanganye na mnana. Mnana dume ni wa manjano sehemu kubwa ya mwili, na kiota chake huning'inia kwenye ncha ya tawi, mara nyingi juu ya maji au karibu na nyumba. Mwaka jana niliitwa kwa pikipiki, mwendo wa saa nzima na nusu, kwenda kuonyeshwa viota vya mnana ishirini na kitu juu ya mwembe. Sikukasirika. Nilikunywa maji nikarudi. Kiota cha kwelea hakining'inii: kimefungwa katikati ya vijiti vya mgunga au mti mwingine wa miiba, ni kitufe kidogo cha majani chenye mlango ubavuni karibu na juu. Na haviwi ishirini. Mti mmoja hubeba mamia, hekta moja ya miiba hubeba maelfu.

Sasa hesabu, na hapa naomba mtulie.

Siku ya kwanza dume anafunga jani bichi kwenye kijiti, anafuma duara, anaita jike aje kukagua. Siku ya pili au ya tatu kiota kimekamilika. Kundi zima linafanya hivyo kwa pamoja, kana kwamba limepigiwa filimbi. Jike hutaga yai moja kwa siku, rangi ya bluu iliyopauka, kwa kawaida matatu, wakati mwingine mawili au manne. Kuatamia ni siku 9 au 10 tu. Kuku wenu anatumia 21, basi mjue mnashindana na kiumbe wa namna gani. Mchana dume na jike hupokezana, usiku hulala jike. Vifaranga wakianguliwa wapo uchi karibu kabisa, mdomo mweupe, macho yamefumba. Macho hufumbuka siku ya nne. Siku za mwanzo hulishwa wadudu, baadaye mbegu, na mdomo unaacha weupe unakuwa wa zambarau. Wanatoka kiotani wakiwa na umri wa wiki mbili au pungufu kidogo.

Jumlisheni. Tangu jani la kwanza kufungwa mpaka kifaranga kuruka ni takriban siku 28. Wiki nne!

Katika wiki hizo nne wazazi wanakula mbegu za majani ya mbugani, ambazo wakati huo zimejaa, na wanakamata panzi na viwavi kwa ajili ya watoto. Ndiyo maana hawajagusa mpunga. Si kwamba hawaupendi. Hawajauhitaji. Siku vifaranga wanapotoka, mbegu za mbugani zimeanza kupukutika, kundi limeongezeka, na wale watoto wageni hawajui kwenda mbali. Jaruba la jirani ndilo lililo karibu. Chukueni viota 20,000, ambavyo kwa kwelea si vingi. Hao ni wazazi 40,000. Kila kiota kikitoa watoto wawili tu, mna ndege 80,000. Kila mmoja akila gramu 10 kwa siku, ni kilo 800. Magunia manane ya kilo mia kila siku, bila kuhesabu punje wanazoangusha chini.

Kwa hiyo anayenipigia ndege wakiwa wameshaingia shambani ananipigia siku ya 30. Nitafanya nini siku ya 30? Taarifa hutoka kwangu kwenda halmashauri, halmashauri huiita Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, wataalamu wanakuja kukagua kwanza, na ndege ya kunyunyizia dawa haikai Tabora ikitusubiri, inahudumia mikoa mingi, na ile ya shirika la nzige la Afrika Mashariki inahudumia hata nchi nyingine. Dawa hupigwa jioni ndege wakiwa wamekusanyika kulala. Ndege wakishaacha viota wanatawanyika, leo wanalala kwenye matete, kesho kwenye kichaka kingine. Timu inafika inakuta miti mitupu na kinyesi cheupe chini. Nimesimama chini ya miti hiyo na mwenyekiti wa kijiji, tukitazamana. Mwaka ule watu walivuna magunia matatu kwa ekari, na mmoja aliniambia uso kwa uso kwamba serikali imechelewa. Viota alivijua tangu vikiwa vya kijani. Alikuwa anapitisha ng'ombe hapo.

Rangi ya kiota ndiyo kalenda yenu. Kijani maana yake siku zake ni chache, piga simu leo. Kikiwa kahawia, usikae kubahatisha. Nenda asubuhi, vaa viatu vya buti kwa sababu nyoka nao hufuata vifaranga, tazama kiota kimoja cha chini. Ukikuta mayai, bado tuna nafasi. Ukikuta kifaranga aliyefumba macho, hajamaliza siku nne, piga simu ukiwa hapo hapo chini ya mti. Ukikuta mdomo wa zambarau na manyoya yameota, piga pia, lakini jiandae kuamia, yaani kulinda shamba kwa kufukuza ndege. Na ukiona korongo wale wenye kipara na tai wamejazana juu ya kichaka kimoja siku nzima, usipite tu. Wanakula vifaranga.

Ukipiga, niambie mambo haya, si "ndege ni wengi sana" (wengi kwako ni wangapi?). Kichaka kiko upande gani wa kijiji na umbali gani. Ukubwa wake kwa hatua: hatua 130 za mtu mzima ni kama meta 100. Hesabu viota vya mti mmoja wa wastani, usichague ule uliojaa kuliko yote. Rangi ya viota, na ulichokikuta ndani. Na kama kuna mizinga ya nyuki karibu, sema. Huu ni mkoa wa asali, na dawa inayoua kwelea inaua nyuki pia.

Kuamia nako mnakosea saa. Punje ikiwa maziwa, wiki ya pili baada ya suke kutoka, kwelea huiminya, akaacha kapi lenye doa jeupe. Wengi huona makapi hayo wakasema ni ugonjwa au ukame, wakaja dukani kununua dawa ya ukungu! Dungu, yaani jukwaa la mlinzi shambani, lisimame kabla suke halijatoka. Mtu awe juu yake saa 12 asubuhi, si saa 2 baada ya chai, mpaka saa 4 au 5. Mchana ndege hupumzika kivulini karibu na maji, nawe pumzika. Rudi saa 9 alasiri mpaka jua lizame. Endelea hivyo mpaka punje iwe ngumu, wiki tatu au zaidi kidogo. Na kombeo ashike mtu mzima. Mtoto wa darasa la tano kazi yake iko shuleni, nimewakuta madunguni saa 3 asubuhi ya Jumanne na nimechoka kusema.

Yule anayepanda wiki tatu nyuma ya wenzake peke yake, ndege wa kijiji kizima watamalizikia kwake.

Suke likiinama bila doa, umefaulu.

Jambo la mwisho nalisema kwa ukali. Asitokee mtu wa kuloweka nafaka kwenye sumu akamwaga kandokando ya bwawa. Watakufa kuku na kanga, na mwisho atakufa mtoto. Wenzetu wa Kondoa huwatega kwelea kwa nyavu na kuwala, hilo halina ubaya. Lakini ndege aliyeanguka baada ya dawa kupigwa haokotwi, hapewi mbwa, hauzwi mnadani hata akiwa mnono namna gani. Mifugo isipite hapo mpaka timu iseme.

Namba yangu imeandikwa ukutani ofisi ya mtendaji. Kama huna salio, nibipu, nitakupigia mimi.