Usitupe chenga: namna ya kutengeneza mkaa mbadala nyumbani

Kila gunia la mkaa linaloisha Dar es Salaam huacha chenga na vumbi chini, na mara nyingi huishia mtaroni au kufukia madimbwi ya uchochoroni. Inauma, kwa sababu vumbi hilo ni mti uliokwisha kukatwa, ukachomwa tanurini huko Pwani au Morogoro na kusafirishwa hadi hapa. Miti huhesabiwa kuwa rasilimali inayojirudia, na kweli visiki vya miombo huchipua, ila msitu unaokatwa kwa kasi kuliko unavyoota huisha kama mgodi. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia umelenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nyumba ambayo bado inapikia mkaa ina la kufanya leo.

Tafuta vumbi kilo 10, unga wa muhogo nusu kilo na maji kama lita 5. Vumbi utalipata kwa muuza mkaa wa mtaani kwako, pengine bure.

Kwanza pima mchanga, maana ndio unaoharibu kazi nyingi. Mkaa humwagwa chini, na vumbi huzolewa pamoja na ardhi. Tia konzi moja kwenye bilauri ya maji, koroga, kisha tazama kinachotangulia kutua. Mkaa mwingi utaelea. Mchanga utashuka mara moja na kujipanga chini, mweupe au wa kijivu. Ukiwa mwingi, mimina vumbi lote kwenye ndoo ya maji, engua kinachoelea, kianike kikauke. Mchanga hauungui. Unabaki jivu zito linaloziba matundu ya jiko, na moto unafifia chakula hakijaiva.

Twanga chenga kubwa, kisha chekecha kwa wavu wenye matundu ya milimita 3 hivi.

Sasa uji. Vuruga unga kwenye lita 1 ya maji baridi, umimine kwenye lita 3 zinazochemka huku ukikoroga, mpaka uwe mzito, unaong'aa na kunata. Usichanganye unga mbichi na vumbi: wanga haushiki mpaka uive. Mimina uji ungali moto, koroga kwa mwiko, ukipoa kidogo endelea kwa mikono dakika kumi. Chukua konzi, finya, fungua kiganja. Bonge likisimama lenyewe na maji yasichuruzike vidoleni, umepatia. Likimeguka, ongeza maji kidogo kidogo kutoka lita iliyobaki. Si lazima yaishe.

Kalibu nzuri ni kipande cha bomba la plastiki la inchi 2, urefu sentimita 15, na mti wa duara unaoingia humo bila kukwama. Jaza, shindilia kwa nguvu, sukuma nje, kata vipande vya sentimita 5 au 6. Usilegeze mkono hapa: tonge lisiloshindiliwa huwaka haraka na kubomoka jikoni.

Siku ya kwanza anika kivulini juu ya turubai, kisha juani siku tatu hadi tano, ukigeuza. Jua kali la mwanzo hukausha ngozi ya nje wakati ndani bado kuna maji, na tonge linapasuka. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, matonge huota ukungu kabla hayajakauka. Afadhali kazi hii ifanywe kuanzia Juni. Vunja moja ujue: ndani kukiwa na weusi uliokoza kuliko pembeni, bado. Likitiwa jikoni na unyevu litatoa moshi.

Kuwasha, tanguliza mkaa wa kawaida kidogo, panga matonge juu yake ukiacha nafasi za hewa. Hushika taratibu na kudumu, kwa hiyo yafaa maharage na makande kuliko chai ya haraka. Pikia nje au penye upepo, na jiko lisilale chumbani hata likiwa halitoi moshi. Gesi yake ya sumu haina harufu na inaua.

Hifadhi kwenye gunia lililoinuliwa juu ya mbao, mbali na mvua. Uji hauhimili maji, na matonge yakilowa hurudi kuwa tope.